Msitupe karatasi: santuri peke yake haijitaji

Mhariri,

Juma lililopita mlichapisha barua ya msomaji aliyesema kwamba mtu anayetoa pauni 100,000 kwa santuri moja, tena ile ndogo yenye wimbo mmoja kila upande, apelekwe akapimwe akili. Santuri anayoisema naijua. Nimekusanya santuri za soul, muziki wa Wamarekani weusi, kwa karibu miaka 50 hapa Stoke-on-Trent, Uingereza, nilikokuja mwaka 1974 kusomea uuguzi nikiwa msichana wa miaka 20 kutoka Ilala. Mimi mwenyewe sijawahi kutoa hata pauni 100 kwa santuri moja; mshahara wa muuguzi haukuruhusu, na watoto walitaka viatu. Lakini naomba nafasi nimjibu ndugu yangu huyo, kwa sababu ameiona bei, akaishia hapo.

Santuri hiyo ni ya Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)". Kampuni ya muziki ya Motown, ya Detroit, Marekani, ilichapa nakala chache za majaribio mwaka 1965 kwenye lebo yake iliyoitwa Soul, kisha karibu zote zikaharibiwa kabla hazijafika dukani. Wilson akaendelea kuwatengenezea wengine nyimbo, na baadaye akaiacha kazi hiyo akawa mhubiri. Alifariki mwaka 2012. Kwa miaka mingi nakala zilizojulikana kubaki duniani zilikuwa mbili tu. Moja iliuzwa pauni 25,742 mwaka 2009, na mwaka 2020 ndipo ikatajwa hiyo bei iliyomshtua msomaji wenu. Ambalo hakulitaja ni kwamba maelfu ya vijana wa huku waliucheza wimbo ule mwishoni mwa miaka ya 1970 bila kumjua Wilson. Santuri bandia zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa na jina la Eddie Foster, mwimbaji mwingine kabisa aliyekuwa na nyimbo zake. Wanacheza, wanatokwa jasho, wanampenda mtu, na mtu mwenyewe siye.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, lakini kwanza niwaeleze wasomaji mahali penyewe, maana nikisema soul wengi watafikiri nazungumzia Marekani peke yake.

Dave Godin alikuwa na duka la santuri London lililoitwa Soul City. Aliona kwamba vijana waliokuwa wakitoka kaskazini mwa Uingereza kufuata timu zao za mpira, wakipita dukani, hawataki nyimbo mpya za Marekani. Walitaka zile za katikati ya miaka ya 1960, za mwendo wa haraka, zilizofanana na za Motown lakini za lebo ndogondogo ambazo hazikupata bahati. Akawaambia wafanyakazi wake, wateja hawa wapigieni "Northern soul", yaani soul ya kaskazini. Mwaka 1970 akaliandika jina hilo katika jarida la Blues & Soul, na jina likashika. Vijana wa viwandani na migodini wakawa wanacheza usiku kucha nyimbo za watu weusi wa Detroit na Chicago, ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kukata tamaa na uimbaji, wamerudi kwenye kazi za kawaida, hawajui kwamba ng'ambo ya bahari kuna mtu anawatafuta.

Mimi nilipelekwa Wigan Casino, ukumbi wa dansi wa mji wa Wigan, kaskazini mwa Uingereza, na mwenzangu wa hosteli ya wauguzi, binti wa mchimba makaa ya mawe, mwaka 1975. Ukumbi ulifunguliwa baada ya saa sita usiku, ukafungwa saa mbili asubuhi. Pombe hakuna. Kila mtu amekuja na begi lenye fulana ya kubadilisha, taulo, na kopo la poda, poda ileile ya kumpaka mtoto mchanga, ya kunyunyiza sakafuni ili mguu uteleze. Nilisimama pembeni nimeshika koti langu. Ile ngoma ilipoanza, matari mbele na besi chini yake, nilijua niko wapi. Nilikuwa chumbani kwa kaka yangu, Ilala.

Nyimbo tatu za mwisho zilikuwa zilezile kila juma: Tobi Legend, halafu Jimmy Radcliffe, halafu Dean Parrish. Ukizisikia unajua asubuhi imefika na unatakiwa zamu jioni. Ukumbi ule ulifungwa tarehe 6 Desemba 1981, na jengo lenyewe halipo tena.

Sasa vijarida. Wapiga santuri wa kumbi zile walikuwa na wivu wa kazi yao. Mtu akipata santuri ambayo mwenzake hana, anabandika karatasi juu ya lebo na kumtungia mwimbaji jina la uongo, ili wengine wasijue waitafute vipi. Utaucheza wimbo mwaka mzima ukimwita mwimbaji kwa jina ambalo mama yake hajawahi kumwita. Waliofumbua mafumbo hayo walikuwa mashabiki wenyewe, watu wenye kazi zao za mchana, waliochapa vijarida kwa taipureta usiku mezani jikoni, wakavirudufu, wakavibana kwa stepla na kuviuza kwa senti chache mlangoni pa ukumbi au kwa posta. Shout kilikuwa kimoja, Hot Buttered Soul kingine, na baadaye Soulful Kinda Music. Na vingine vilitoka mara mbili tatu vikafa.

Ninavyo vijarida 63 katika sanduku la biskuti na boksi moja la viatu. Ninapoandika barua hii kimoja kipo mbele yangu. Karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Stepla zimeota kutu na kutu imetoboa ukurasa wa kati. Herufi "e" ya taipureta ile ilikuwa imejaa wino, kwa hiyo kila "e" ni kidoa cheusi. Ndani kuna orodha ya santuri za lebo moja ndogo ya Detroit kwa namba zake, moja baada ya nyingine: namba, mwimbaji, wimbo wa upande wa kwanza, wimbo wa upande wa pili. Mwandishi alipofika kwenye namba asiyoijua hakuiruka. Ameandika namba, kisha ameacha mstari mtupu mpaka mwisho wa ukurasa. Katika toleo lililofuata kuna barua ya msomaji wa Wolverhampton aliyeipata santuri hiyo sokoni: hii hapa, jazeni. Nami nikachukua kalamu ya risasi nikajaza. Mwandiko wangu wa mwaka 1978 upo pale hadi leo.

Vijarida hivyo ndivyo vilivyonifundisha kusoma santuri kwa jicho. Nilikwisha kununua moja kwa pauni 12 kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni ya asili, nikaifunga kwenye sweta nisije nikaivunja njiani. Baada ya miezi miwili nikasoma kwamba santuri nyingi za Detroit za wakati ule zilichapwa kiwandani Owosso, Michigan, na kwamba nakala halisi za ile niliyoinunua zina herufi ARP, alama ya kiwanda hicho, zilizogongwa kwenye ule mzingo laini usio na wimbo, kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Nikaichukua yangu nikaigeuza chini ya taa. Kulikuwa na namba zilizokwaruzwa kwa mkono, basi. Nililia, sina aibu kusema. Pauni 12 wakati ule zilikuwa chakula changu cha majuma kadhaa. Lakini tangu siku hiyo sijatapeliwa tena, na aliyeniokoa ni mtu nisiyemjua, aliyeketi na lenzi akaandika alichokiona.

Msomaji wenu ataniuliza, haya yote ya Wazungu yanatuhusu nini? Yanatuhusu, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kuandika.

Kaka yangu alikuwa na miaka 20 mwaka 1969. Wale wa umri wangu mnakumbuka bugi: Jumapili mchana, vijana ukumbini, bendi zinapiga soul za akina James Brown na Otis Redding. Novemba mwaka ule mkuu wa mkoa akapiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, na magazetini ukazuka ubishi, wengine wakisema ni utumwa wa mawazo, wengine wakiuliza kama waimbaji wale si Waafrika wenzetu. Marufuku ilikuwa ya kumbini, lakini baba aliogopa. Kaka akazifunga santuri zake kwenye kanga ya mama akazisukuma chini ya kitanda. Usiku alikuwa akizipiga kwenye pleya ya betri akiwa ameweka mto juu ya spika, mimi nimelaza sikio kwenye mto huohuo. Nilizisikia nyimbo zile kupitia sufi kabla sijazisikia kupitia hewa.

Bugi zilirudi, na kaka alizifuata zote. The Rifters, The Sunburst, Afro 70, Safari Trippers, kote alikwenda, na akirudi, saa yoyote ile, anaandika. Alikuwa na daftari la shule la jalada la bluu, lenye tebo ya kuzidisha nyuma. Alilichora safu nne kwa rula: tarehe, ukumbi, bendi, na nyimbo za soul walizopiga siku hiyo. Pembeni anaweka maneno yake. "Mpiga tarumbeta mgeni." "Umeme ulikatika, wakaendelea na ngoma tu." Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Hakuwahi kuona kijarida cha Uingereza hata kimoja mpaka nilipomletea viwili nilipokuja likizo mwaka 1982, akavipitisha mkono kama anapapasa kitambaa, akasema, "Kumbe tuko wengi."

Alifariki mwaka 2003. Miaka minane baadaye akaja mnunuzi kutoka Ulaya, mmoja wa wale wanaozunguka miji yetu wakiulizia santuri za zamani, akazichukua zote kwa mkupuo. Wifi yangu simlaumu kabisa. Kodi ilikuwa inadaiwa na mnunuzi alilipa papo hapo. Niliposikia nikapiga simu kuuliza daftari. Mtoto wa kaka akanyamaza, kisha akasema, "Shangazi, yale makaratasi alipewa mama muuza karanga." Kurasa zile zilikunjwa pembe pembe, zikauzwa na karanga ndani, pale kituoni.

Santuri zipo. Najua zipo kwa sababu zina bei, na chenye bei hutunzwa. Slim Ali na Hodi Boys wa Mombasa, walioimba soul kwa Kiingereza, santuri zao zinatafutwa Ulaya hivi sasa. Mwaka 2013 lebo ya London, Soundway, ilitoa mkusanyo mzima wa nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980. Ni kazi nzuri na nimeinunua. Lakini nani alipiga gitaa Jumapili gani, nani alikuwa mgeni kwenye tarumbeta, umeme ulikatika wapi, hayo mnunuzi hakuyapata kwa sababu hayakuwa ndani ya santuri. Yalikuwa ndani ya daftari.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri. Wasomaji wenu wenye wazee majumbani wafungue masanduku. Jalada la santuri lililoandikwa kwa kalamu, tiketi ya bugi, kikaratasi cha tangazo kilichobandikwa ukutani, picha yenye majina nyuma, barua ya msichana anayeeleza dansi lilivyokuwa: msiviuze kwa kilo, na msiviwashie jiko. Piga picha kwa simu, uandike jina la mwenye nacho na mtaa, utume kwa gazeti hili. Nakuomba, Mhariri, unikubalie unipokelee. Nitavichapa mwenyewe na kuvibana kwa stepla, kama wale wa huku walivyofanya, na toleo la kwanza nitalituma bure kwa kila atakayechangia hata mstari mmoja.

Nimekwisha kuanza. Majira ya baridi yaliyopita niliketi nikachora safu nne kwa rula, nikaandika kila nilichokumbuka kutoka daftari la kaka. Nilipata mistari 31. Tarehe nyingi sina, na kuna bugi moja ya mwaka 1972 ambayo nakumbuka gauni nililovaa, nakumbuka wimbo, nakumbuka kaka akinishika mkono tusipotezane mlangoni, lakini bendi siikumbuki. Hapo nimeandika mwaka, nikaacha mstari mtupu mpaka mwisho wa ukurasa.

Muuguzi mstaafu,
Stoke-on-Trent, Uingereza