Kabla hujatuma hiyo pesa ya Paje

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Kaka yako ameniambia wewe na wenzio mmepata nyumba ya kupanga huko Paje, Unguja, kwa siku chache, na mwenye nyumba anataka nusu ya pesa itangulie kwenye simu. Umeshatuma? Kama bado, soma hii kwanza.

Sikukatazi kwenda. Umefanya kazi Dodoma mwaka mzima, na majirani wote nimewaambia kuwa mwanangu anakwenda kupumzika Unguja kwa pesa yake mwenyewe. Lakini picha si nyumba. Picha ya bwawa na mashuka meupe mtu anaichukua popote, anaiwekea namba yake ya simu, mkifika mnaambiwa hapa hapana nyumba kama hiyo. Mwulize jina la sheha wake, yule kiongozi wa serikali wa mtaa. Kila shehia ina sheha, na mwenyeji wa kweli anamjua. Mwambie akupigie simu ya video akiwa barabarani, aende nayo mpaka mlangoni, afungue mlango, afungue na bomba tuone kama maji yanatoka. Akianza visingizio vya mtandao, achana naye. Uliza pia kama nyumba imesajiliwa Kamisheni ya Utalii.

Nyie vijana mnaicheka gesti, mnaona ni ya madereva wa malori. Mimi nimekaa mapokezi miaka, najua. Gesti ina kitabu cha wageni: unaandika jina, utokako, uendako, unatia saini. Likitokea la kutokea, kuna mahali umeandikwa. Hiyo nyumba ya kwenye simu, nani atajua mmelala humo?

Ningekuwa nyie, usiku wa kwanza ningelala Mji Mkongwe. Zipo gesti Malindi na Kiponda, unashuka kwenye boti unakwenda kwa miguu. Ngazi za zile nyumba za mawe zimesimama kweli kweli, kwa hiyo usibebe lile begi kubwa. Lakini unalipa ukishaona kitanda, chandarua na komeo la mlango. Asubuhi ndiyo mpande daladala mwende shamba, huko Paje, mkaione hiyo nyumba kwa macho yenu. Isipowapendeza, vyumba vingine vipo hapo hapo Paje na Jambiani. Na popote mtakapoingia, ulizeni kwanza bei ya wakaazi, kitambulisho cha NIDA kiwe mkononi. Wapo wenye bei mbili, na usipouliza unatajiwa ile ya wageni.

Hivi nani aliyechagua Paje? Wewe unapenda kuogelea. Upande ule wa mashariki maji yakipwa yanakwenda mbali mno, na likiwa bamvua, zile siku za maji kujaa na kupwa sana, ndiyo kabisa, mtakaa mnawatazama kina mama wa mwani. Nungwi na Kendwa mtu anaoga kutwa. Au mmefuata bei? Basi sema ni bei, tujue.

Najua utasema hata ile safari ya shule ya Bagamoyo nilikuzuia. Ile ilikuwa shida ya hela, na wewe hukuambiwa kwa kuwa ulikuwa mdogo. Leo hela ni yako, ndiyo maana inaniuma ikiliwa na tapeli. Usitume kabla hujaona mlango ukifunguliwa.

Baba yako anasema nakusumbua, na yeye ndiye anayeniuliza kila akitoka msikitini kama umepiga simu.

Tangi la maji limepasuka chini. Fundi anataka kuliziba, mimi sitaki, lile limeshakwisha. Ile pesa ya tangi uliyoahidi isije ikawa ndiyo hii inayotangulia Paje. Mdogo wako viatu vya shule vinambana, anakanyaga visigino. Ukipita Kariakoo kabla ya kupanda boti, mtazamie vyeusi vya kamba, namba 41.

Nipigie leo baada ya magharibi. Mchana nitakuwa kwa shangazi yako, kuna shughuli, simu sitaisikia.

Mama yako