Jumamosi: pointi 81 za Kobe

Habari zenu wapendwa,

Jumamosi tunaitazama pamoja mechi ya mpira wa kikapu ya 22 Januari 2006, siku Kobe Bryant alipowafunga Toronto Raptors pointi 81 peke yake.

1. Tukutane saa 10 jioni, ukumbi ule ule wa kando ya uwanja.
2. Mchango wa chai na vitafunwa ni Sh 5,000, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.
3. Anayeweza kuja na projekta aseme mapema.

Msikose nusu ya pili! Lakers, timu ya Kobe, waliachwa hadi pointi 18, Kobe akafunga 55 baada ya mapumziko, wakashinda 122–104. Vijana wetu waangalie hasa mitupo huru ya Kobe: aliingiza 18 kati ya 20.

Tafadhali thibitisheni hapa kufikia Jumatano usiku.