Hukuniuma wewe

Muheza, Jumapili usiku

Mwanangu Panya,

Simu yako ya jana imeninyima usingizi. Nimegeukageuka kitandani mpaka jogoo wa kwanza, na leo kutwa nzima nimezunguka na ile sauti yako. Ningeweza kukupigia tena, ila haya ya leo nikiyasema kwa mdomo nitayapunguza, nitachomeka utani katikati, utacheka, na tutayapita kama tulivyoyapita miaka yote. Bora niandike.

Umesema yameanza Jumanne, ghafla. Mtoto ana mwaka na miezi minane, hajawahi kukusumbua, halafu siku hiyo anashika titi unahisi umechomwa sindano ya moto, maumivu yanapita hadi mgongoni. Umesema unauma kona ya mto ili usipige kelele ukamshtua. Mwishoni ukasema, "Kanirithi huyu. Si nami nilikung'ata mpaka ukaniachisha?" Ukacheka. Mimi sikucheka, sijui kama ulisikia.

Mwanangu, hukuning'ata. Hata siku moja.

Najua jina lako lilivyokaa. Ukoo mzima wanakuita Panya, hata siku ya mahari shangazi yako aliwaambia wakwe zako wafunge makabati vizuri. Na najua ulipokuwa na miaka kama sita, nakuogesha uani, ulinigusa kovu chini ya titi la kushoto ukauliza hiki nini mama, nikakujibu ni meno yako. Ulilia sana. Nikakununulia kashata ukanyamaza, lakini kauli sikuifuta. Sasa naifuta.

Ilikuwa mwisho wa 1997, mvua zile za El Niño. Wewe una mwaka na miezi mitano. Mimi nimetoka kuugua kifua, nimemeza vidonge vya rangi mbili siku saba. Nguo hazikauki, nyumba inanuka ukungu, sidiria navaa mbichimbichi. Baba yako wakati ule ni utingo wa lori. Barabara zimekatika, wamekwama huko bara, wiki ya tatu hatujui wako wapi. Alfajiri moja ukashika titi kama kawaida, nikaruka. Hukuwa umebana meno. Nilitazama baadaye kwenye koroboi, alama ya jino sikuona. Chuchu ilikuwa inang'aa, nyekundu ya waridi, kama ngozi iliyoungua na mvuke. Na ulipoachia, moto haukuzimika. Ulibaki ndani ya ziwa nusu saa nzima, kama mtu kanipaka pilipili kwa ndani. La kulia hivyo, la kushoto hivyo. Wewe nawe unashika unaachia, unashika unaachia, unalia. Nilidhani umeanza utundu.

Bibi yako mzaa baba alinitazama siku mbili, ya tatu akanena: "Una mimba wewe. Unambemenda mtoto."

Wewe neno hilo umelikuta limechakaa, watu wanalitania. Wakati wetu ilikuwa kesi. Mtoto akikonda, akiharisha, akichelewa kutembea, wanakugeukia mama: umebeba mimba juu ya mtoto, maziwa yameharibika. Na mimi mume yuko njiani wiki ya tatu. Majirani wakaanza kuhesabu kwa vidole.

Simlaumu bibi yako kwa kuwaza mimba, maana hapo hakukosea njia. Mimba changa huanza na chuchu kuuma, wakati mwingine kabla mtu hajakosa hata siku zake. Hata hedhi inapokaribia, chuchu zinaweza kuwa kali siku mbili tatu. Kwa hiyo na wewe kabla ya yote pita duka la dawa ununue kipimo. Ikiwa ni mimba, usishtuke na usimnyang'anye mtoto titi kwa ajili ya maneno ya watu. Maziwa ya mwenye mimba hayana sumu. Yatapungua kadiri miezi inavyokwenda, kisha yatageuka dang'a, yale maziwa ya mwanzo, ya huyo anayekuja, na huenda mume wangu, huyo mjukuu wangu, akayakataa mwenyewe kwa kuwa ladha imebadilika. Mwambie tu nesi kama umewahi kutoka mimba au kujifungua kabla ya siku, au ukiona damu. Hapo yeye ndiye wa kukuongoza.

Mimi kipimo sikupata. Nilipata shubiri.

Bibi yako aliivunja mwenyewe nyuma ya nyumba, akanipaka. Ulikuja jioni umelala nusu, ukashika, ukaachia. Ukanitazama usoni. Halafu ukafanya kitu ambacho sijamsimulia mtu mpaka leo: ulinifuta. Ulidhani ni uchafu. Ukafuta kwa kiganja, ukaonja, chungu. Ukavuta pindo la kanga yangu ukafuta kwa hilo, taratibu, unazungusha, kama ulivyoniona mimi nikikufuta mdomo. Ukaonja tena. Safari ya tatu hukuonja. Ulilaza shavu pale kifuani ukalia bila sauti.

Nilikuwa nimejikaza kwa maumivu siku zote zile. Pale ndipo nilipolia.

Basi ukaachishwa, usiku mmoja, kama kukata kamba. Maziwa hayajui kama umeamua. Siku ya pili matiti yakawa magumu kama nazi, wakanifunga kanga kifuani wakakaza ili yakauke. Siku ya nne homa, natetemeka chini ya blanketi mbili. Kuja kufikia wiki, la kushoto limetunga jipu. Walinipakia kwenye baiskeli, matope mpaka magotini, hospitali wakanipasua wakakamua. Kovu unalolijua ni la kisu. Na wiki hiyohiyo nikaona siku zangu. Mimba yenyewe haikuwepo.

Bibi yako alikuwa mtu wa chuo cha Kurani, watoto wa mtaa mzima wamesomea chini ya mwembe wake. Aya ya kunyonyesha aliijua kwa moyo: miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na mkitaka kuachisha kabla ya hapo, baba na mama mridhiane na mshauriane. Baba yako hakushauriwa na mtu. Alirudi Januari akakuta mtoto anakunywa uji na mke ana bandeji. Akauliza kulikoni. Mimi nimeinamisha kichwa, kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa na neno mimba ndani yake na wiki tatu za kuhesabiwa na majirani. Bibi yako akajibu kwa niaba yangu, haraka: "Mtoto alikuwa anamng'ata mama yake kama panya."

Alinisitiri, Mungu amrehemu. Na stara ile umeilipia wewe.

Mdogo wako akazaliwa 1999. Februari ya 2001, ana mwaka na miezi minne, moto uleule ukarudi, ghafla, matiti yote mawili. Alikuwa ametoka kumaliza dawa ya maji ya sikio. Nikasema sasa hivi ni panya wa pili, na shubiri nikaitazama kule nyuma ya nyumba. Lakini siku ya mizani ilikuwa keshoye, nikaenda naye kliniki. Akadai kunyonya pale kwenye benchi, nikampa, nikakunja uso. Nesi mmoja mtu mzima akaniona kutoka mezani kwake. Hakuniuliza lolote. Alikuja, akamwambia mtoto aseme aaa, akaingiza kidole chenye shashi akasugua ndani ya shavu. Akanionyesha shashi: safi. Akanionyesha shavu: weupe uko palepale, na pale alipobandua kidogo pamechubuka pekundu. "Hii si maziwa," akasema. "Maziwa yangefutika. Ni fangasi. Anayo mdomoni, unayo kwenye chuchu, mnapeana."

Akatupaka jivii, ile dawa ya maji ya zambarau, wote wawili. Mdogo wako akarudi nyumbani mdomo wa zambarau kama katoka kuiba zambarau za watu, midomo, kidevu, mpaka sikio moja, sijui ilifikaje. Na mimi kifua hivyohivyo. Shuka, fulana, kanga, kila kitu. Siku ya nne nikamnyonyesha nikasahau kukunja uso, nikashtuka mwenyewe kwamba nimesahau. Akanyonya mpaka akapita miaka miwili, akaacha kwa hiari yake, siku moja tu alikuwa na shughuli zake hakukumbuka.

Siku ile kliniki nesi aliniuliza, "Na wa kwanza naye?" Nikakumbuka. Panya, niliuona weupe ule mdomoni mwako. Kwenye mashavu na ndani ya mdomo wa chini. Nikadhani ni maziwa yameganda. Hukuwa mtundu, mdomo ulikuwa unakuwasha moto kama kifua changu kilivyokuwa kinawaka. Kiapo siwezi kula kwamba ilikuwa hiyo, hakuna aliyetupima. Lakini mimi najua, na nimejua tangu 2001, na nimekuacha uitwe Panya.

Sasa na wewe. Sisemi kwamba na yako ni fangasi. Kila titi lina kisa chake, ndiyo maana nataka utazame kabla hujaamua. Mchungulie mume wangu leo hii, kwa tochi ya simu, akiwa anacheka. Ndani ya mashavu, ndani ya midomo, juu ya ulimi. Ukiona weupe usiofutika, nendeni kliniki pamoja, mtibiwe pamoja siku moja, maana ukitibiwa peke yako atakurudishia. Jivii usijinunulie kwa kukisia, siku hizi naona wanatoa matone ya nistatini. Na sidiria anika juani, si chumbani.

Ukikuta mdomo safi, tazama meno. Mtoto anayetoa magego hukaza taya bila kukusudia. Na umri ule hawanyonyi, wanacheza sarakasi: mguu begani mwako, anataka kuona televisheni na titi asiliachie. Akibana, usimvute. Kuvuta ndiko kunakochana. Ingiza kidole chako kidogo pembeni mwa mdomo wake, katikati ya fizi, ataachia. Ukiona kidoti cheupe kwenye ncha ya chuchu, kama kichwa cha pini, ni njia ya maziwa imeziba. Kitambaa cha maji ya vuguvugu na kumnyonyesha, sindano usiiguse.

Ila titi likiwa jekundu upande, la moto, gumu, na homa juu, usisubiri mimi nifike. Hospitali siku hiyohiyo. Na usiache kulinyonyesha hilohilo linalouma, kulijaza ndiko kunakotunga jipu, mimi ndiye shahidi. Kitu kingine: uvimbe usioondoka hata mtoto akishanyonya, au ngozi ya titi ikianza kufanana na ganda la chungwa, hilo halina mjadala wa bibi wala shoga, ni daktari.

Wakati unatafuta sababu, zungumza naye. Wewe unasema ni mdogo haelewi; mbona anaelewa "biskuti" ukiisema chumba cha pili? Mwambie nyonyo inauma leo, tunyonye kidogo. Hesabu naye mpaka kumi, ukifika kumi tunafunga duka. Ya mchana mpunguzie kwa kikombe na matembezi, ya usiku mwachie kama unaweza. Anza na titi lenye nafuu. Panadoli ukimeza wewe, yeye haimdhuru. Na ukiona umechoka, unataka kuachisha kabisa, achisha, ni mwili wako, sitakuwa wa kwanza kukunyoshea kidole. Lakini iwe polepole, titi moja moja, wiki hii hili la mchana, wiki ijayo la jioni, na mwenzio awe anajua. Isiwe usiku mmoja.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, itafika Dodoma kesho jioni pamoja na machungwa. Mwenyewe nakuja Alhamisi. Nilikuwa nimepanga kusubiri mpaka shule zifungwe lakini kuku wanaweza kulishwa na jirani.

Ukipenda, tutakutafutia jina lingine. Ukipenda libaki, libaki, lakini sasa unajua.

Kanga niliyofungia machungwa usiifue sana ukidhani ina uchafu. Ni ile ya mwaka 2001. Ile rangi haitoki.

Mama yako