Kuhusu ile kazi ya fundi maabara uliyoniuliza

Rehema mwenzangu,

Mambo vipi? Meseji yako nimeipata na nimefurahi mno, nafasi ya fundi kwenye maabara ya utafiti wa ubongo si kitu kidogo. Umeniuliza kama fundi anafanya la maana au ni kuosha vyupa na kulisha panya wakati wenye PhD wanafikiria. Nikaona nikae nikuandikie vizuri maana jibu lake ni refu.

Vyupa utaosha, sikufichi. Ila ujue kila namba wanayokuja kuitoa wale kwenye makala zao imeanzia mikononi mwa fundi, na ikiharibikia hapo hakuna hesabu ya kwenye kompyuta itakayoiokoa.

Chukua mfano siku ya kukata vipande vya ubongo ulio hai. Unaingia kabla ya watu wote, unapima chumvi za maji ya kuviweka vipande hai, sodiamu, potasiamu, bikaboneti, pamoja na sukari ya glukosi, unazikoroga kwenye maji, unafungulia gesi ya asilimia 95 oksijeni na 5 kabonidayoksaidi ibubujike humo mpaka pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, itulie kwenye 7.3 au 7.4, kalisiamu inaingia mwisho kabisa, ukiitia kabla gesi haijapita maji yanageuka meupe, kalisiamu inaganda chini na maji hayo hayafai tena. Halafu unapima ukali wa chumvi, inatakiwa iwe karibu na miliosmoli 300, ikishuka sana seli zinafyonza maji zinavimba. Yote hayo panya hajaguswa bado! Akishaguswa sasa ni mbio, ubongo utoke haraka uingie kwenye maji yaliyopoa karibu kuganda, unaugundisha kwenye kibao na supagluu, kisha mashine ya kukatia inapitisha wembe unaotetemeka polepole sana, kipande kimoja unene wa maikromita 300, yaani milimita 0.3, na hapo huharakishi chochote hata bosi awe amesimama mlangoni. Vipande vinapumzishwa kwenye maji ya nyuzi 34 hivi kama nusu saa ndo vitumike. Ukija kuviweka chini ya hadubini utajua papo hapo asubuhi yako ilikuwaje, seli nzima ina ngozi laini na mpaka wake umefifia kidogo, iliyokufa imevimba na kiini chake kinaonekana duara wazi kabisa katikati. Hiyo ya kuona seli iliyo hai, halafu mwenzako anashusha sindano ya kioo juu yake na umeme wake unatokea kwenye skrini, milivolti 70 chini ya sifuri, mimi bado inanisisimua mpaka leo.

Na usidhani kazi ya mikono ni ya daraja la chini kwenye sayansi hii. Miaka mingi watu walikuwa wanasema tu ubongo wa mtu una nyuroni, yaani seli za neva, bilioni 100, vitabu vyote hivyo hivyo, mpaka mwanasayansi wa ubongo Suzana Herculano-Houzel wa Brazil na wenzake wakaja na njia ya kuusaga ubongo kwenye sabuni ukawa kama supu, wakavipaka rangi viini vya seli na kuvihesabu chini ya hadubini, mwaka 2009 wakatoa hesabu yao ni kama bilioni 86. Kusaga, kupaka rangi, kuhesabu. Hizo ndo kazi za fundi hizo.

Sasa panya. Hapa nakuomba sana uwe na msimamo. Kuna kanuni tatu zimeandikwa tangu 1959 na wanasayansi wa Uingereza Russell na Burch, tumia njia isiyo na mnyama kama ipo, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, punguza maumivu, na utazikuta kwenye fomu zote za kibali ila cha kuangalia ni kama watu wa pale wanaziishi. Angalia wanavyomshika panya. Kumnyanyua kwa mkia kunamtia hofu, imeshapimwa hiyo, anatakiwa aingie mwenyewe kwenye kibomba au umchote kwa viganja viwili. Mnyama aliyejaa hofu anakupa ubongo uliojaa hofu, halafu mnakuja kushangaa mbona matokeo ya wiki hii hayafanani na ya wiki iliyopita. Ukikuta maabara wanamwongelea panya kama chupa ya dawa, mimi nakwambia kataa hiyo kazi, hata kama mshahara ni mzuri.

Jingine, omba wewe ndo uwe unaficha makundi. Yaani sampuli ziende kwa anayehesabu zikiwa na namba tu, asijue ipi ilipewa dawa na ipi haikupewa, orodha ibaki kwako mpaka amalize. Si kwamba watu ni waongo, hapana, ila mtu akishatamani jibu fulani jicho lake linaanza kumsaidia bila yeye kujua. Baadhi watakuona unawachelewesha. We shikilia hapo hapo.

Na kuhusu jina lako kwenye makala liulize siku ya usaili, usingoje kazi iishe. Uliza wazi, fundi akifanya majaribio na kuchambua data anaandikwa mwandishi au anashukuriwa tu mwishoni? Bosi mzuri hakasiriki kuulizwa hivyo, anakujibu na anakuonyesha makala zake zenye majina ya mafundi wake. Uombe pia uongee na fundi aliyepo au anayeondoka, peke yenu bila bosi, huyo atakwambia mengi kuliko mkataba.

Wakishakupa tarehe ya usaili niambie tupigiane simu tupitie maswali pamoja. Na nitakutumia karatasi yangu ya vipimo vya zile chumvi, ila kila kimoja ukihakiki na cha maabara yenu kwanza maana kila maabara ina mapishi yake.

Nakupenda,
Neema