Salamu za shukrani kwa waliotuzikia mama yetu, Jambiani, Unguja

Assalaam alaykum.

Sisi watoto saba wa marehemu, pamoja na wajukuu, mashemeji na ukoo mzima, tunatoa shukrani kwenu nyote mliokuwa nasi tangu mama yetu alipolazwa hospitali ya Mnazi Mmoja hadi siku ya hitma. Alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa na alasiri yake tukamzika hapa kwetu Jambiani, kama alivyousia mwenyewe: asingojewe mtu, hata mwanawe aliyeko Muscat. Ndugu yetu huyo aliyaona maziko kwenye simu ya mpwa wake. Tunaomba mzidi kumuombea subira.

Tungependa kumtaja kila mmoja, lakini hatutawamaliza. Lipo moja tu ambalo lazima tulieleze kwa kirefu, nalo ni la kina mama wa mwani.

Mama aliingia kwenye mwani tangu kilimo hiki kilipoanza hapa na Paje mwaka 1989. Kwa mwani huo tulivaa sare za skuli, na kwa mwani huo nyumba yetu ikatoka makuti ikapata bati. Kotonii, mwani wa bei nzuri, ilipoanza kufa kwa joto la maji wengi waliacha. Yeye akabaki na spinosamu, mwani mwengine wa bei ndogo, akisema shamba halisuswi.

Sote alitupeleka pwani, wa kike na wa kiume. Kabla ya hapo alitukalisha barazani, akatugawia kamba na matawi, akatufunza kufunga taitai, vile vijikamba vya kulishikiza tawi la mwani kwenye kamba. Ukilikaza fundo sana tawi linakatika. Ukililegeza, maji yanalichukua. Alikuwa akilipima kwa kidole gumba. Lisipomridhisha hulifungua, akakurudishia mkononi bila kusema neno, nawe ukafunga upya. Mama yetu hakuwa mtu wa makelele. Aliyefunguliwa mara tatu alijijua.

Tena alikuwa na ada moja iliyotuudhi sana utotoni. Mwenzake akiugua au akijifungua, mama alianza na kamba za mwenzake kabla ya zake. Maji yakipwa hayakai sana, kila mtu wa pwani anajua, na mara nyingi yalianza kurudi sie bado hatujagusa zetu. Siku moja dada yetu mkubwa alishindwa kuvumilia, akamuuliza kwa nini tusianze zetu kwanza. Akamjibu: "Sie leo tuna mikono. Yule hana." Siku hiyo tulivuna maji yakiwa kiunoni, gunia likitupwaya mikononi, na hakuna aliyeuliza tena.

Alipolazwa, zile wiki tano, hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka shamba lake. Fikra zetu zote zilikuwa wodini. Siku ya hitma, watu walipoanza kutawanyika, waliingia uani kina mama wanne aliokuwa akifanya nao kazi. Walikuja na magunia mawili ya mwani mkavu, pesa zimefungwa kwenye ncha ya kanga, na kikaratasi cha hesabu. Bamvua mbili, maji yanapokupwa sana, walikuwa wakishuka kumfungia na kumvunia, wakamuanikia kwenye chanja zao. Gunia la tatu walikuwa wamekwisha liuza kwa kuwa mnunuzi alipita. Mkubwa wao akatwambia, "Hii ni kazi ya mikono yake, sie tumeimalizia tu." Tulilia siku hiyo kuliko siku ya maziko.

Mama zetu, Mwenyezi Mungu awalipe. Kamba za mama hazitang'olewa. Mdogo wetu wa mwisho atashuka nanyi bamvua ijayo, na tunaomba mumpokee.

Tunawashukuru pia madaktari na wauguzi waliomuuguza, kina bibi waliomkosha na kumkafini, na vijana waliochimba kaburi juani. Ardhi yetu ni jiwe tupu, tuliwaona mlivyokuwa mkipokezana mtaimbo. Shukrani kwa masheikh na walimu wa madrasa, kwa jirani aliyetuachia ua wake tupikie siku tatu, kwa waliotoka Paje, Bwejuu, Makunduchi, mjini, Pemba, Dar es Salaam na Mombasa, na kwa waliotuma rambirambi kwa simu. Vyombo vyote vimerudi kwa wenyewe isipokuwa sufuria moja kubwa na mkeka mmoja wa rangi. Mwenyewe aje achukue.

Baada ya tanga tulifungua kasha la mama. Chini ya kanga zake lilikuwemo daftari. Ameandika humo kila aliyemsaidia katika harusi na misiba yake yote: kilo mbili za mchele, kuni mzigo mmoja, shilingi elfu tano. Pembeni ya kila jina ametia alama siku aliporudisha. Ya kwenu ya safari hii tumeyaandika humo humo, kwa mwandiko wa mjukuu wake.

Anayemdai marehemu chochote, tafadhali atuone, usiku au mchana. Aliyekuwa akidaiwa naye, tumemsamehe sote saba.

Na katika daftari yamebaki majina matatu yasiyo na alama. Wawili tumekwisha wafikia. Wa tatu mama amemuandika hivi tu: "mama wa nazi, Bwejuu, nazi ishirini, msiba wa baba watoto." Wewe mama, au wanao kama nawe umetangulia, tunakuomba ufike nyumbani au utuletee mtu. Nazi zako ishirini tumekwisha ziangusha, ziko barazani.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ni sisi wanawe, Jambiani.