Barua kwa ndugu mnaouguza wenye baipola hapa Dodoma

Ndugu zangu,

Nimefurahi kusikia kwamba mmekubali kukutana kila mwezi, ninyi wenye mke, kaka au mtoto anayeishi na ugonjwa wa baipola, ugonjwa wa akili unaomtupa mtu mara kwenye mihemko, yaani msisimko uliopitiliza, mara kwenye sonona, yaani huzuni nzito. Mmeniomba, kama mtu aliyemuuguza mdogo wake kwa zaidi ya miaka ishirini, niwape neno la kuanzia. Ninalo moja: yale mtakayomtendea mgonjwa akiwa amezidiwa, mkubaliane naye kwanza akiwa ametulia.

Sisi hatukufanya hivyo. Mdogo wangu alipoanza kwenda kwenye mizabibu yake saa nane usiku akiwa na tochi, tulimsifu kwa bidii. Alipoanza kugawa fedha, wapo miongoni mwetu waliozipokea na kumshukuru. Ni pale alipouza ng'ombe wanne kwa bei ya kutupa ndipo tulipoamka, tukamfunga kamba mbele ya watoto wake. Mihemko ilipopoa ikafuata sonona, akalala ndani miezi kadhaa, na alichokuwa akikitaja si ng'ombe, bali ile kamba. Hadi leo naona aibu.

Jifunzeni basi dalili za mgonjwa wenu, kwa maana hazifanani. Usingizi ndio wa kuangaliwa kabla ya yote: anayelala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku kwa siku kadhaa mfululizo, na bado akaamka na nguvu nyingi, apelekwe kliniki mapema. Wengine huanza kwa kukopa, wengine kwa maneno ya haraka yasiyokatika. Mketi naye akiwa mzima, aseme mwenyewe dalili zake ni zipi, atakubali kumsikiliza nani akiambiwa amebadilika, nani ashike simu yake yenye fedha, na apelekwe hospitali gani. Kisha yaandikwe na atie sahihi.

Msidhani kujifunza kwa ndugu ni jambo dogo. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 huko Barcelona, Hispania, uliwafundisha walezi katika vikao 12 vya dakika 90, bila wagonjwa kuhudhuria. Wagonjwa wao wakakaa muda mrefu zaidi bila kurudiwa na ugonjwa, hasa upande wa mihemko. Wagonjwa hao walikuwa wakiendelea na dawa, na hilo naomba mlishike. Anayetaka kumwombea mgonjwa amwombee, lakini asimwambie aache vidonge kwa sababu amepona.

Kuhusu dawa, mwalikeni muuguzi wa afya ya akili awafundishe. Kwa wanaotumia lithiamu, mojawapo ya dawa za baipola, nina hofu ya pekee, kwa sababu ya joto letu la Oktoba na Novemba. Mwili ukikaukiwa maji, kwa jasho, kuhara au kutapika, dawa hiyo hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu. Mgonjwa akianza kutetemeka sana, kupepesuka au kuongea kwa kukokota ulimi, awahishwe hospitali. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazozinunua dukani kila mgongo unapouma, nazo hupandisha lithiamu, kwa hiyo asizimeze bila kumuuliza daktari.

Wakati wa sonona, mgonjwa akisema amechoka kuishi, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali kwamba analifikiria, asiachwe peke yake, dawa zote na sumu za shambani ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tunaishi katika mji ambao jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo tangu mwaka 1927, limegeuzwa tusi la mitaani, na najua baadhi yenu hupita njia ya mzunguko ili majirani wasiwaone mkienda kuchukua dawa. Ndiyo sababu ya kuzungumziwa hilo kwenye kikao, pamoja na uchovu, hasira na madeni yenu. Mke anayeuguza naye hupungukiwa usingizi. Mpangiane zamu za kumpumzisha. Na yanayosemwa humo yasitoke nje, hata kwa mchungaji au shehe.

Kikao cha kwanza nitakuja, nikijaliwa. Mdogo wangu ameniruhusu niwaonyeshe karatasi aliyoiandika alipotulia, tukaitia sahihi sote. Mstari wake wa kwanza unasema: "Msinifunge tena kamba, mwiteni dada."

Mzee wenu,
Kikuyu, Dodoma