Barua ya wazi kwa wajukuu zetu wanaosoma Kilatini na Kigiriki Marekani

Wajukuu zangu,

Salamu nyingi. Nawaandikia ninyi mlioko vyuoni hapa Marekani, watoto wa familia zilizotoka Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na kwingineko, mliochagua kusoma Kilatini, Kigiriki au akiolojia ya Ugiriki na Roma ya kale. Mko wachache. Aghalabu ni mmoja darasani, na kila mkirudi nyumbani mnaulizwa: ukimaliza hayo, nani atakuajiri? Msiwaone wazazi wenu kuwa wana dharau. Mtu aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma miaka mingi atapima kila shahada kwa mshahara wake, na ana haki. Lakini habari ya ajira naiacha leo. Nataka kusema juu ya likizo ya kiangazi na ufadhili wa kuisomea, maana hapo ndipo ninapowaona mnaachwa nyuma, mmoja baada ya mwingine.

Anayetaka kufika shahada ya udaktari (PhD) katika fani hii hutakiwa asome Kigiriki na Kilatini vyote viwili, na juu yake lugha kama Kijerumani au Kifaransa, ili aweze kusoma kazi za watafiti. Mwenzako aliyesomeshwa shule za kulipia huenda alianza Kilatini akiwa na miaka 12. Wewe umekutana nacho chuoni. Miaka minne ya shahada haitoshi kumfikia, isipokuwa viangazi navyo viwe vya kusoma. Taasisi ya Kilatini na Kigiriki ya CUNY, chuo kikuu cha jiji la New York, iliyoanza 1973, inajulikana kwa kozi ya kiangazi ya wiki 10 inayobeba kazi ya miaka miwili au zaidi. Kwa akiolojia ndiyo kabisa: huwezi kuijua bila kushika mwiko wa kuchimbia na kupiga magoti ndani ya shimo la uchimbaji. Agora, uwanja wa soko la kale la Athens, imechimbwa na Wamarekani tangu 1931, na wanafunzi wengi waliokuja kuwa maprofesa walipita pale kiangazi kimoja au viwili.

Na kiangazi chako wewe ni cha nani? Ninajua. Ni cha ghala la vifurushi na cha nyumba ya kulelea wazee, shifti ya usiku, kwa sababu kodi inadaiwa na kuna shangazi kambini anayesubiri kutumiwa chochote. Mwezi wa tisa mnakutana tena darasani, mwenzako ameshasoma mashairi ya Homer, mshairi wa kale, kwa Kigiriki, wewe umerudi na uchovu. Hakuna aliyekufukuza, lakini nafasi imepungua.

Ufadhili ninaotaka muuombe uliwekwa kwa ajili ya pengo hilo hilo. Society for Classical Studies, chama cha wasomi wa Ugiriki na Roma ya kale kilichoundwa 1869 kwa jina la American Philological Association, kimekuwa na ufadhili wa kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka jamii za walio wachache, wanaosoma fani hizi. Fedha hulipia kozi ya lugha, au shule ya uchimbaji katika nchi kama Italia, Ugiriki na Misri. Sehemu ya fedha hizo imechangwa na walimu wenyewe kwenye mkutano wao wa Januari, wakinunua tiketi za bahati nasibu ya vitabu. Ni harambee, nasi tunaijua harambee. Archaeological Institute of America nayo ina ufadhili wenye jina la Jane C. Waldbaum kwa wanaokwenda kuchimba kwa mara ya kwanza. Na mwenye uraia wa Marekani anayepata ruzuku ya Pell, ile ya serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo, anaweza kuomba ufadhili wa Gilman wa kusoma nje ya nchi, ambao hufika hadi dola 5,000.

Nimewasikia baadhi yenu mkisema hamtaki kupewa kitu kwa ajili ya rangi. Nisikilizeni. William Sanders Scarborough alizaliwa Macon, Georgia, mwaka 1852, mama yake akiwa mtumwa. Mwaka 1881 alichapisha kitabu cha kufundishia Kigiriki, na mwaka uliofuata akajiunga na chama hicho nilichokitaja. Chama kilipokutana Baltimore mwaka 1909, hoteli ilikataa kuandaa chakula cha jioni iwapo yeye angekuwepo. Mtu alikuwa bingwa wa Kigiriki, lakini wenzake wakila na kuzungumza mambo ya kazi yao, yeye hakuruhusiwa kukaa mezani. Wanachama wa leo wanachanga fedha ili ninyi mkae. Kuzikataa hakumrudishii Scarborough heshima yake.

Tena kuna John Wesley Gilbert, ambaye nawaomba mumfahamu vizuri. Naye alizaliwa Georgia, wa mama mtumwa. Akasoma chuo cha Paine huko Georgia, kisha chuo kikuu cha Brown, na umahiri wake wa Kigiriki ukampatia ufadhili wa kwenda kwenye shule ya Wamarekani ya Athens mwaka 1890. Akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kusoma pale. Alishiriki uchimbaji wa Eretria, Ugiriki, na kuchora ramani ya mji ule wa kale, kisha akarudi Paine kufundisha. Mwaka 1911 alifunga safari hadi Kongo pamoja na Askofu Walter Russell Lambuth, wakafika Wembo Nyama, kwa Watetela, kabila la Kongo. Wapo kati yenu ambao babu zao ni wa huko huko.

Nanyi hamwendi mikono mitupu. Kijana anayeongea Kibembe na mama, Kiswahili na majirani na Kifaransa cha shule, aliyekua akipatanisha ngeli bila kufikiri, hatishwi na jinsi tatu za nomino za Kilatini. Na kuna kitabu cha Kigiriki, Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa safari na biashara za baharini, kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Misri ya Kirumi katika karne ya kwanza. Kinafika hadi pwani yetu: kinaitaja bandari ya Rhapta, pembe za ndovu, magamba ya kasa, mashua za kushonwa kwa kamba, na mabaharia wa Kiarabu waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Wataalamu wamebishana mno juu ya mahali ilipokuwa Rhapta. Ningefurahi kuona mabishano hayo yakiwa na mtoto wetu anayesoma Kigiriki chenyewe, asiyengoja kutafsiriwa.

Sasa ya kufanya. Maombi ya kiangazi huanza kupokelewa mapema, mengine kabla ya Krismasi, kwa hiyo mwezi wa kumi uwe umeshachagua programu. Mwombe barua ya mapendekezo mwalimu aliyekufundisha lugha au historia ya kale, umpe walau wiki nne, na umpelekee maelezo yako ayasome. Bajeti iwe ya kweli: nauli, bima, chakula, viatu vya kazi. Ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo mara nyingi huhesabu kwamba utachuma kiangazi na kuchangia ada. Iandikie kwamba kiangazi hiki unakwenda kusoma, uombe kiasi hicho kifutwe au kifidiwe. Vyuo vingi vina fungu la namna hiyo, na halitangazwi sana.

Wenye hadhi ya ukimbizi, hili ni lenu hasa. Kama huna pasipoti, unahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi kutoka serikali ya Marekani, uiombe kabla hujaondoka, na huweza kuchukua miezi. Huenda ukahitaji viza ya Ugiriki au Italia pia. Ukingoja jibu la ufadhili ndipo uanze makaratasi, umechelewa. Masharti ya kila ufadhili nayo hubadilika mwaka hadi mwaka, hasa ya uraia na ukaazi, kwa hiyo someni ya mwaka wenu wenyewe.

Mzazi akisita, mwiteni mwalimu wenu azungumze naye, nanyi mtafsiri. Mwonyesheni pia hesabu: mshahara mtakaoukosa na ufadhili utakaouziba, mpaka shilingi ya shangazi. Akiwa bado anasita, nileteeni mimi nizungumze naye, mtu mzima kwa mtu mzima.

Wenu,
Bibi, mwalimu mstaafu